Vali ya Moyo na Katheta ya Tabibu

Mwaka 1998, tabibu Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walidhihirisha ya kuwa cheche za umeme zinazoufanya moyo upapatike pasipo mpango aghalabu huanzia katika vena ziletazo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo imekuwa ada kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, katika mshipa wa kinena hadi moyoni, na kuichoma kwa joto nyama izungukayo midomo ya vena hizo ili cheche zisivuke. Maelfu wamepata afueni.

Lakini jirani na vena ya chini ya kushoto ipo vali ya mitrali, mlango wa majani mawili uruhusuo damu kushuka kutoka chumba cha juu cha moyo hadi cha chini, wala usiiache irudi. Na majani hayo hushikiliwa na nyuzi nyembamba, mfano wa kamba za tanga, zilizoshikamana na misuli ya moyo. Katheta yenye kichwa cha duara, itumiwayo kuupima umeme wa moyo, ikiteleza ikapita mlangoni humo, yaweza kunaswa na nyuzi. Tabibu akiivuta kwa nguvu, nyuzi hukatika au jani hupasuka, na damu ikarudi nyuma kila moyo unapobana. Kwa hiyo mjuzi huisukuma mbele taratibu, akaifuatishia ala yake, yaani mrija wa nje uipitishao katheta, mpaka duara lijikunje ndani yake. Ikishindikana, hapana budi mpasuaji afungue kifua. Vali ya aota nayo yaweza kudhurika, katheta ipitishwapo katika ateri kinyume cha mkondo wa damu.

Ajali hizi ni nadra, wala si sababu ya kuyakimbia matibabu. Hata hivyo, kwetu Afrika ya Mashariki, ambako homa ya baridi yabisi huwaachia wengi makovu ya vali tangu utotoni, ni sharti picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ipigwe kabla ya kazi, ili lililokuwapo lisichanganywe na lililozuka baadaye. Nawe msomaji, ukisharejea nyumbani ukaona pumzi yakupaa ulalapo chali, au miguu yavimba, usiseme ni uchovu wa hospitali: rudi kwa tabibu wako siku ile ile.