Kwa Nini Wanafunzi Huliogopa Somo la Utafiti?

Kila mwaka, nianzapo kufundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, huwaomba waandike katika karatasi, bila kutaja majina, jinsi wanavyoliona somo hilo. Majibu hufanana. Wengi huliona kuwa ni orodha ya istilahi za kukariri kwa ajili ya mtihani: nadharia tete, sampuli, hojaji, wastani. Wengine huzihofu takwimu, kwani waliagana na hisabati tangu kidato cha nne. Mmoja aliandika: “Mada nimekwisha kuipata, sasa natafuta tatizo.”

Jibu hilo lilinichekesha, kisha likanihuzunisha. Mtu hanunui dawa kwanza ndipo augue. Utafiti huanza na jambo lililomshangaza mtu. Mbinu ni kinga ya kumzuia asijidanganye anapolitafutia jibu.

Mfano bora tunao hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aisikrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyatia katika jokofu. Siku moja, akichelea kukosa nafasi, aliyatia yake yangali moto. Baadaye aliyakuta yameganda, ilhali ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa yalikuwa bado ni uji. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wa shule, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo, akatimiza ahadi. Na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, nchini Uingereza, waliyapima maji upya, wasipate ushahidi wa kuwaridhisha. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto sentimeta moja tu, juu au chini, kwaweza kumfanya mpimaji aone lisilokuwapo. Mjadala ungali unaendelea.

Siku hizi nami huanza somo kwa maji. Kila kundi hupewa vyombo viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji ya baridi. Matokeo hayalingani kamwe, na hapo mabishano huanza. Je, maji yalikuwa ya kiasi kimoja? Kipimajoto kiliwekwa wapi? Na “kuganda” maana yake nini: utando wa juu, au maji yote? Ni katika mabishano hayo ndipo wanafunzi wanapoona haja ya wastani, na ya kurudia jaribio mara nyingi. Istilahi zile zile walizozichukia sasa huzidai wenyewe. Sisemi kwamba wote huongoka. Wapo wanaonung’unika kuwa maji hayatatoka katika mtihani, na lawama hiyo yatuhusu sisi tutungao mitihani.

Jambo hili si dogo, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao watakuwa walimu wa sekondari. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu, nilimkatiza mwanafunzi kwa kuwa swali lake halikuwa katika muhtasari. Swali lenyewe nimelisahau. Uso wake sijausahau.

Basi, mwalimu mwenzangu, usione haya kumwambia mwanafunzi, “Sijui, tupime.” Nawe mwanafunzi, ukiona jambo lisilolingana na kitabu, liandike pamoja na tarehe, kisha lirudie kulijaribu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.