Kompyuta Ndogo Sebuleni (1): Nani Hasa Anayecheza Filamu?

Tarehe 29 Februari 2012, taasisi ya Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza, iliingiza sokoni kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Haikuwa na kasha, kibodi wala kioo. Ilikuwa bodi tupu ya saketi, bei yake dola 35. Eben Upton na wenzake walikusudia kuwapa wanafunzi chombo nafuu cha kujifunzia kuandika programu. Haikupita muda, watu wazima nao wakaanza kuichomeka kwenye runinga zao ili watazame filamu na kusikiliza muziki waliouhifadhi wenyewe.

Ukiipima kwa nguvu za kawaida, bodi ile ilikuwa dhaifu. Kichakataji chake kilikwenda kwa megahezi 700 tu, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256. Ukurasa mzito wa intaneti uliielemea. Lakini ukiipa filamu ya ubora wa 1080p, iliicheza bila kukwama.

Siri imo ndani ya chipu yake, BCM2835 ya kampuni ya Broadcom, ambako Upton mwenyewe alikuwa mbunifu wa chipu. Chipu hiyo ina kitengo cha picha kiitwacho VideoCore IV, na hicho ndicho bwana mkubwa humo ndani. Umeme ukiwashwa, ndicho kinachoamka kwanza, kinasoma kadi ya memori, kisha kinakiamsha kichakataji. Chipu hiyohiyo ilikwishatumika mwaka 2011 katika Roku 2, kisanduku cha kuonyeshea filamu za intaneti kwenye runinga. Waliopeleka bodi sebuleni hawakuitwisha kazi ngeni.

Kwa nini filamu ihitaji kitengo chake? Picha moja ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila sekunde hupita picha 24 au zaidi. Zikihifadhiwa zote kikamilifu, diski itajaa upesi. Kwa hiyo filamu hubanwa: picha moja huandikwa nzima, zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Msomaji wa taarifa ya habari akiinua mkono, mkono ndio unaoandikwa, ukuta ulio nyuma yake hauguswi. Kuzifumua picha hizo ni hesabu nyingi mno, na saketi iliyoundwa kwa hesabu hizo pekee huzimaliza kwa umeme kidogo.

Tatizo ni kwamba kanuni za kubana ni nyingi, na saketi inayoijua moja si lazima iijue nyingine.

DVD, zikiwemo zile za harusi zilizojaa makabatini, hutumia kanuni ya zamani ya MPEG-2. Bodi ya kwanza iliweza kuifumua, lakini mlango ulifungwa kwa sababu ya ada za hataza. Kuanzia Agosti 2012, mwenye bodi alilipa pauni 2.40 apewe namba ya kuufungulia. Kanuni ya H.264, inayotumika katika video nyingi za intaneti na simu, ilikuja ikiwa imeshalipiwa. H.265, inayoweza kupunguza ukubwa wa faili kwa karibu nusu, ilisubiri Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 kupata saketi yake, ikiwemo ya picha za 4K. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ikaja na kioja: saketi ya H.264 imeondolewa. Kichakataji chake kimekuwa na nguvu kiasi cha kuifanya kazi hiyo chenyewe.

Basi kabla ya kuuliza bodi ipi ni mpya, mnunuzi aangalie faili alizonazo. Mwenye filamu za H.264 za 1080p anatoshelezwa na Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, ambayo tayari ina Wi-Fi ndani. Mwenye H.265 za 4K aanzie namba nne.

Inabaki programu. Inayotumika zaidi ni Kodi, iliyoanza kama programu ya mashine ya michezo ya Xbox kwa jina la XBMC, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Hupanga filamu na nyimbo, huzitafutia mabango na maelezo mtandaoni, na hutolewa bure. Njia fupi ya kuipata ni LibreELEC, mfumo mdogo uliojitenga na OpenELEC mwaka 2016: huandikwa kwenye kadi ya memori kwa kompyuta nyingine, kadi ikapachikwa kwenye bodi, na Kodi ikafunguka yenyewe.

Rimoti haina haja ya kununuliwa. Waya wa HDMI hupitisha pia amri za rimoti ya runinga, huduma iitwayo CEC. Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink. Mara nyingi kinachokwamisha ni kwamba imezimwa kwenye mipangilio ya runinga.

Sehemu ya pili itashughulikia diski ya nje, chaja inayofaa, na jinsi ya kuinusuru kadi ya memori umeme unapokatika ghafla.