Maji, Chumvi na Nta: Sayansi ya Kuosha Gari

Gari linapooshwa nyumbani siku ya mapumziko, wengi huihesabu kazi hiyo kuwa ni ya urembo. Kwa sababu hiyo hukazania kusugua mahali panapoonekana na macho, na kupaacha palipojificha. Lakini faida kubwa ya kuosha gari ni kulikinga na kutu, na aghalabu kutu huanzia palipojificha. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa mwambao, kutoka Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Mtwara, ambako upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi na kuzimwaga juu ya kila kitu. Ni vyema kujua sababu za kila hatua, kwani kuosha kusiko na maarifa huweza kuongeza madhara yale yale yaliyokusudiwa kuzuiwa.

Jinsi kutu inavyofanyika

Bodi ya gari kwa kawaida huundwa kwa mabati ya feleji, ambayo kwa sehemu kubwa ni chuma. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Katika sehemu moja ya bati, atomu za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini. Katika sehemu nyingine, oksijeni na maji huzipokea elektroni hizo. Hivyo tone la maji lililotulia juu ya chuma kitupu hufanya kazi mfano wa betri ndogo. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, lakini maji yenye chumvi huupitisha kwa wepesi, na kutu huenda mbio zaidi.

Chumvi ina tabia nyingine tena. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani hata ikayeyuka. Kila mpishi wa pwani ameiona ikilowa ndani ya kikopo. Kadhalika, gari lenye chembe za chumvi huweza kulowa usiku ingawa mvua haikunyesha.

Ngao ya kwanza ya bati ni rangi. Matabaka yote ya rangi ya gari kwa pamoja yana unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi ya daftari. Ngao hii ni nyembamba, na yafaa itunzwe.

Kuosha

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwazi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, ambacho almasi hupewa 10, kwazi hupewa 7. Rangi ni laini kuliko kwazi. Mtu anayeanza kusugua gari lenye vumbi kavu huwa analikwaruza kwa maelfu ya chembe hizo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwagia maji mengi bila kugusa, ili chembe ziondoke zenyewe. Kisha huoshwa kutoka juu kwenda chini, kwa maana sehemu za chini ndizo zenye mchanga mwingi. Ndoo ziwe mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliokwisha kutolewa usirudishwe.

Maji peke yake hayaondoi mafuta. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Ncha za pili hujipenyeza katika chembe ya mafuta, nazo ncha za kwanza huivuta chembe hiyo majini ikachukuliwa. Hata hivyo, sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai kwa gari, kwa sababu huwa na alkali nyingi na huondoa nta pamoja na uchafu. Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyapaka ili gari ling'ae, nayo huyeyusha nta na kudhuru mipira ya milango na madirisha.

Maji yenyewe pia yachaguliwe. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji yake huwa magumu, yaani yana kalisi nyingi, na sabuni ya kawaida ikikutana na kalisi hufanya utandu mweupe badala ya povu. Visima vingine vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kuliosha gari kwa maji hayo bila kulisuuza kwa maji baridi ni kulipaka chumvi kwa mikono. Maji ya mvua yaliyokingwa paani hayana kalisi wala chumvi nyingi, na hufaa sana kwa kusuuzia.

Tope lililoganda ndani ya madigadi na chini ya gari lisisahauliwe, maana hushika maji na chumvi kwa siku nyingi. Kadhalika, vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango vizibuliwe, kwani vikiziba, maji hukaa ndani na mlango huliwa kutoka upande usioonekana. Kazi yote isifanyiwe mtoni, kwa sababu mafuta na sabuni huchafua maji yanayotumiwa na wengine.

Kukausha

Maji yanapokauka kwa jua, maji ndiyo yanayoondoka. Chumvi na chokaa hubaki. Yale madoa meupe yanayoonekana juu ya rangi ni masalio hayo. Kwa hiyo gari huoshwa kivulini, bati likiwa limepoa, na hukaushwa mara moja kwa kitambaa laini kinachofyonza maji.

Kupaka nta

Jani la mgimbi halilowi. Maji hujikusanya juu yake yakawa matone, kisha yakaporomoka. Sababu moja ni nta iliyo juu ya jani. Nta ya gari hufanya kazi inayofanana na hiyo, na zaidi huikinga rangi na vitu vikali kama vinyesi vya ndege.

Nta si zote zina nguvu sawa. Nta ya nyuki, ambayo Tabora inasifika kwayo, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi, na bati jeusi lililokaa juani laweza kukaribia joto hilo. Nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa Brazili ulio wa jamii moja na mnazi, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Ndiyo maana hutumiwa sana katika nta za magari. Hupakwa kidogo sana juu ya gari safi na kavu, kisha husuguliwa kwa kitambaa kikavu. Matone yanapoacha kujikusanya na maji yakatandaa, ni dalili kwamba nta imekwisha.

Jaribio la darasani

Chukua misumari minne ya chuma isiyopakwa zinki. Wa kwanza utiwe katika maji ya mvua, na wa pili katika maji yenye kijiko cha chumvi. Wa tatu na wa nne ichovywe katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, kamwe si juu ya ndimi za moto. Ikipoa, wa nne ukwaruzwe kwa sindano mpaka chuma kionekane, kisha yote miwili itiwe katika maji ya chumvi. Baada ya juma moja wanafunzi wailinganishe. Msumari wa nne utazamwe kwa makini zaidi: kutu itaonekana penye mkwaruzo, na penye mkwaruzo ndipo matengenezo ya gari yapasavyo kuanza, kabla ya nta.