"Nitakutumia Jioni"

Katika daftari la mchango la mama mmoja muuza vitambaa wa First Avenue, Eastleigh, kila jina lina alama pembeni. Nukta ni aliyetoa papo hapo. Mkwaju ni aliyesema, "Nitakutumia jioni." Safari hii anachangisha bili ya hospitali ya mtoto wa jirani. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa: penye nukta, noti ya elfu; penye mkwaju, mia mbili, au pengo.

Yeye hashangai. Anasema ukimkuta mtu dukani hutoa kabla kodi, karo na mzigo uliokwama bandarini havijamjia kichwani. Jioni vyote vimeshafika, na M-Pesa haimtazami mtu usoni.

Mwaka 2012, watafiti David Rand, Joshua Greene na Martin Nowak waliandika katika jarida la Nature kwamba waliobanwa waamue ndani ya sekunde 10 walichangia mfuko wa pamoja zaidi kuliko waliotakiwa kutafakari. Maabara 21 zikarudia jaribio, na mwaka 2017 zikatoa jibu: tofauti ilionekana tu walipoondolewa wale waliokiuka muda waliopewa. Basi haraka ndiyo inayozaa ukarimu, au wakarimu ndio wepesi wa kuamua? Daftari la mama huyu nalo halisemi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba hamharakishi kila mtu. Vijana wa mikokoteni na wachuuzi wa chai huwapa habari leo, akarudi kesho. "Mwenye duka nampa dakika, mwanangu. Wa mkokoteni nampa usiku mzima, asinipe chakula cha watoto wake kwa kuona haya." Sijasoma utafiti uliolipima jambo hilo: nani apewe muda, na nani anyimwe.

Kugawa nako hakufanyi siku ya kukusanya. Anasema anayelia mbele yako ndiye utakayempa zote, umsahau aliyelala wodini bila mtu wa kumsemea.

Nilimuuliza kama wenye nukta hutoa kwa moyo au kwa kumwonea haya yeye. Alifikiri kidogo, akasema bili imelipwa.

Safari hii pesa zimebaki, na familia mbili zinazihitaji. Amesema ataamua Jumatatu. Familia moja imeshampigia simu mara mbili. Ya pili haina namba yake.