Mafundisho ya Nje Katika Shule za New Zealand

Watu wengi wasikiapo kwamba wanafunzi wametolewa darasani wakapelekwa mtoni au mlimani, hudhani kuwa ni matembezi tu, na mzazi aliyelipa karo huuliza kama fedha zake zimetumika vyema. Swali hilo ni la haki. Katika nchi ya New Zealand wakuu wa elimu walilijibu kwa maandishi.

Mwaka 1999 Wizara ya Elimu ya huko ilitoa mpango wa mafundisho ya afya na mazoezi ya mwili, wenye sehemu saba, na moja ya sehemu hizo ni mafundisho ya nje. Mpango wa mwaka 2007 ulizitaja tena zizo hizo saba. Maana iliyoandikwa ni kwamba mwanafunzi ajifahamu na ajue kukaa na wenzake. Tena awe hodari na mwenye hadhari anapokuwa nje. Tena ajifunze kuilinda nchi, yaani miti, maji na viumbe vyake. Kwa hiyo kupanda mwamba au kupiga kasia si shabaha, bali ni chombo tu. Wala si lazima kwenda mbali, kwani hata kiwanja cha shule chafaa.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Waalimu wa New Zealand wanalo jina jingine, elimu nje ya darasa, ambalo ni pana zaidi. Wanafunzi wa historia wakienda kutazama nyumba ya makumbusho, au wa hesabu wakipima upana wa mto, hiyo ni elimu nje ya darasa, lakini si mafundisho ya nje. Ya kwanza ni njia ya kufundishia somo lo lote. Ya pili ni sehemu ya somo la afya na mazoezi.

Mpango huo umejengwa juu ya neno la Wamaori, hauora, maana yake uzima wa mtu. Hulinganishwa na nyumba yenye kuta nne: mwili, akili, jamaa na roho. Wazee wa huku kwetu hawatashangaa kusikia hayo.

Kenya ilipata shule ya Outward Bound huko Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1952. New Zealand ilipata yake Anakiwa mwaka 1962. Lakini shule za namna hiyo hupokea vijana wachache kwa muda mfupi, hali mpango wa masomo huwahusu watoto wote.

Kuandika neno hadhari kitabuni ni rahisi. Tarehe 15 Aprili 2008 wanafunzi 6 na mwalimu wao walikufa maji katika kijito cha Mangatepopo, mvua ilipokifurisha. Baada ya ajali hiyo na nyinginezo, Serikali ilitoa kanuni mwaka 2011 kwamba waendeshao michezo ya hatari kwa malipo sharti wakaguliwe na kuandikishwa. Miongozo ya Wizara ya mwaka 2009 nayo ilitaka wazazi waelezwe hatari zilizopo kabla ya kutoa ruhusa.