Tone la Maji kwenye Kofia ya Woody Strode

Katika mabanda ya video ya Songea, iwe Lizaboni au Bombambili, mtu akiwekewa picha la kauboi humtafuta kwanza stelingi, maana stelingi hafi. Once Upon a Time in the West, filamu ya Mtaliano Sergio Leone ya mwaka 1968, inamchanganya mtazamaji huyo mapema. Majambazi watatu wanasubiri treni. Mmoja wao, Mmarekani mweusi Woody Strode, amesimama chini ya tangi la maji. Tone linamdondokea kwenye upara. Hasogei, anavaa kofia tu. Linaanguka jingine, na jingine, mlio sasa umebadilika, maji yanajikusanya polepole kwenye ukingo wa kofia, na kamera inamrudia usoni tena na tena. Muziki hakuna, maneno hakuna. Hata marehemu Lufufu, mtafsiri wa filamu za video, pamoja na ufundi wake wote, asingekuwa na cha kutafsiri. Treni inapokaribia, Strode anavua kofia, anayanywa yale maji, anajiweka tayari. Punde tu ameuawa.

Kwangu mimi, hapo ndipo kazi yake ilipofika juu kabisa, na mwenyewe aliona hivyo. Alisimulia kwamba Hollywood haikuwahi kumpiga picha ya karibu namna ile, na kwamba baada ya Leone kumweka mbele ya kamera kwa muda wote huo, hakudai zaidi. Wala hakuwa mgeni wa kazi. Mwaka 1946, yeye na Kenny Washington walirudisha weusi kwenye ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 1960 alikuwa Draba, mpiganaji wa Kihabeshi katika Spartacus. Mwaka huohuo John Ford alimpa uhusika uliobeba Sergeant Rutledge, lakini jina lake likawekwa nyuma ya wazungu.

Atakayepinga atasema Leone naye alimwua, tena mapema, na kwamba Strode alifuata fedha; kweli, hakuficha kuwa Italia ilimlipa vizuri zaidi. Lakini wazungu wawili waliosimama naye stesheni wanakufa papo hapo pamoja naye. Kinachompa mtu heshima kwenye filamu ni jinsi anavyotazamwa akiwa hai, na Strode alitazamwa kama stelingi. Mwaka huohuo wa 1968 mwongozaji mwingine wa Kitaliano, Valerio Zurlini, alimfanya Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayeteswa, aliyechorwa kwa sura ya Patrice Lumumba wa Kongo. Si kila kazi ya huko ilimkweza: katika Keoma ya mwaka 1976 ni mlevi aliyechoka. Hata hivyo, ni vigumu kuelewa ilikuwaje nchi ambayo majeshi yake yalimwaga gesi ya sumu Ethiopia mwaka 1935 na 1936 ndiyo ikapata subira ya kuutazama uso wa Strode, huku nchi yake mwenyewe ikishindwa. Na kwa nini mateso ya Lumumba yaigizwe na Mmarekani, wakati Wakongo wenyewe walikuwapo?