Namba mpya barabarani, wenye magari walewale

Umiliki wa gari binafsi Tanzania umepitia vipindi vitatu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari lilikuwa la serikali, la shirika la umma au la wachache wenye fedha za kigeni, na kwa uhaba wa mafuta magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Masharti ya uagizaji yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, magari yaliyotumika yakaingia kidogo kidogo. Kipindi cha tatu ni cha mitumba ya Japani, yenye usukani wa kulia kama inavyofaa kwenye barabara zetu. Hiyo ndiyo iliyomwezesha mwalimu au mwenye duka kununua gari.

Ongezeko hilo husomwa kwenye namba za usajili, ambazo herufi ya kwanza baada ya tarakimu imetoka A hadi E. Kwenye yadi za magari bei hutajwa kwa herufi: Toyota IST namba E huuzwa ghali kuliko namba D. Hata hivyo, herufi huonyesha gari liliposajiliwa nchini, si lilipotengenezwa. IST za toleo la kwanza ziliundwa kati ya 2002 na 2007, hivyo ya namba E inaweza kuwa rika moja na ya namba B.

Takwimu rasmi za usajili, zinazotajwa sana kama dalili ya maisha kuinuka, zina kasoro ya namna hiyohiyo. Gari lililokufa gereji mara nyingi hubaki kwenye daftari, malori na teksi za mtandao huhesabiwa pamoja, na kaya yenye magari matatu haifuti kaya kumi zisizo na hata moja.

Malalamiko makubwa zaidi yapo kwenye kodi. Mwenye yadi mmoja jijini Dar es Salaam anasema kupunguziwa bei na muuzaji wa Japani hakumsaidii mteja, kwa kuwa kodi hukokotolewa kwa thamani iliyo kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato, si iliyo kwenye ankara. Hesabu anayoitoa ni hii: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, nyongeza ya uchakavu ya 30% kwa gari la zaidi ya miaka 10, kisha VAT 18%, kila kodi ikipanda juu ya iliyotangulia. Gari la thamani ya shilingi milioni 10 hulipiwa karibu milioni 10 nyingine, bila tozo ndogondogo na gharama za bandari. Maofisa hutetea nyongeza hiyo ya uchakavu kwa hoja ya mazingira. Mwenye yadi anaiona ni mapato tu, maana Kenya hukataa kabisa gari la zaidi ya miaka minane, Tanzania hulipokea mradi lilipiwe.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo ukahamia kwenye mafuta, ambayo bei kikomo yake hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ndiyo maana magari mengi hulala nyumbani hadi wikiendi, na mengine hukabidhiwa dereva wa mtandao kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba.

Usajili huenda ukaendelea kupanda, hasa wa injini ndogo. Kwa kaya za kipato cha chini, chombo cha kwanza kinaelekea kubaki pikipiki au bajaji, isipokuwa riba ya mikopo ishuke au kodi ipungue, na hakuna dalili kubwa ya lolote kati ya hayo.